Nimemfundisha kazi, sasa ndiye bosi wangu: je, huu ni ubaguzi?

SWALI: Shikamoo wakili. Nafanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni, Kaunti ya Kwale. Nina miaka tisa hapo, na mitatu ya mwisho nimekuwa naibu meneja wa vyakula na vinywaji. Meneja wetu alipoondoka mwaka jana, nilikaimu nafasi yake miezi saba. Kisha akaletwa kijana wa Kizungu kutoka Ulaya, na mimi ndiye niliyemwonyesha kazi, kuanzia stoo hadi hesabu za mwisho wa mwezi. Nafasi haikutangazwa. Nasikia analipwa karibu mara tatu yangu, na nyumba juu. Nilipomuuliza mkurugenzi alinijibu kwa upole tu: "Wageni wetu hupenda kuona sura wanayoizoea." Siku nyingine akasema nina watoto wadogo, zamu za usiku zingenishinda. Wenzangu wananiambia niache fitina nisije nikapigwa kalamu. Hata mimi sijui kama nabaguliwa au nina wivu tu. Nifanye nini bila kupoteza kazi? Na je, nitafute wakili sasa hivi? – Mama Z., Diani

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Hilo la wivu liweke kando. Mtu anaweza kuwa na wivu na bado akawa amebaguliwa, na hakuna hakimu atakayekuita kizimbani kuupima moyo wako. Lakini na wewe usijitwike kazi ya kuupima moyo wa mkurugenzi. Huja watu ofisini kwangu wakanieleza saa nzima jinsi bosi alivyo mbaguzi, anavyowadharau Waafrika, anavyowaona wanawake si kitu. Nikiwauliza ni nani mwingine anayefanya kazi kama yao na analipwa nini, kimya. Kesi huanguka hapo, kabla hata haijafunguliwa. Sheria haitaki kujua kwanza kama bosi ana chuki. Inataka kujua kama kuna watu wawili wa kazi moja waliotendewa mambo mawili, na kama kuna sababu ya kueleweka.

Wewe hilo unalo. Una kazi uliyoifanya miezi saba, na una mtu aliyepewa kazi hiyohiyo kwa mshahara mwingine. Tena una maneno mawili yaliyotoka kinywani mwa mwenye uamuzi, moja likigusa rangi na jingine likigusa kuwa kwako mwanamke. Wengi hawapati hata nusu ya hayo, kwa kuwa mabosi wa siku hizi wamejifunza kunyamaza.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, kwa misingi ya rangi, jinsia, lugha, dini, asili, utaifa, ulemavu, ujauzito na mingineyo. Katazo hilo linaanzia kwenye kuajiri, likapitia mafunzo, kupandishwa cheo na masharti ya kazi, hadi kuachishwa. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Angalia neno thamani: si lazima vyeo vyenu viitwe jina moja. Na juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2010, ibara ya 27, ambayo orodha yake ni pana zaidi na inataja hata hali ya ndoa.

Ila kinachokufaa zaidi katika kifungu hicho wengi hawakifahamu. Mfanyakazi akidai amebaguliwa, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea kama inavyodaiwa. Si kwamba unapiga kelele tu halafu unakaa ukisubiri mwenzio ahangaike. Mahakama ya Juu ilifafanua mwaka 2021, katika shauri la mfanyakazi mwenye ulemavu, kwamba mlalamishi lazima kwanza aweke mezani mambo ya kutosha kuonyesha dalili ya ubaguzi. Akishafanya hivyo, mzigo unahamia kwa mwajiri. Kwa hiyo kazi yako ni kuufikisha mzigo mlangoni kwake. Kuubeba kutoka hapo ni shauri lake.

Na usidhani mahakama zetu huogopa neno rangi. Kuna shauri lililotoka Laikipia, la meneja Mwafrika aliyekuwa akilipwa chini ya wenzake Wazungu. Mahakama ya ajira iliona huo ni ubaguzi wa rangi katika malipo, na mwaka 2017 jambo hilo likafika Mahakama ya Rufaa. Hoja iliyobeba shauri ndiyo hii ninayokueleza: tofauti ikishaonekana baina ya watu wa kazi sawa, anayepaswa kuieleza ni mwenye kuilipa.

Sasa nikupe na upande wa pili, kwa sababu wakili wa hoteli ataujua vizuri. Watasema kijana ana shahada ya ukarimu kutoka Ulaya na wewe una diploma ya hapa. Watasema mtu aliyetolewa ng'ambo hulipwa zaidi ili akubali kuhama, na nyumba hupewa kila mgeni wa kazi. Watasema bodi ilitaka mtu mwenye uzoefu wa hoteli za kampuni kubwa zenye matawi mengi. Baadhi ya hayo yanaweza kuwa kweli, na yakiwa kweli yanaweza kuhalalisha sehemu ya tofauti. Nyumba, kwa mfano, mimi nisingeipigania sana. Lakini mara tatu ya mshahara ni jambo jingine, na shahada ambayo mwenye nayo anahitaji kufundishwa hesabu za mwezi na yule anayeambiwa hafai, itabidi ielezwe vizuri.

Sheria pia inaruhusu mwajiri atofautishe watu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalihitaji kwa asili yake. Mkahawa wa Kiitaliano unaweza kutaka mtu anayejua Kiitaliano. Lakini "sura wanayoizoea" si ujuzi. Meneja wa vyakula na vinywaji anapanga zamu, anabishana na wauza samaki, anahesabu chupa na kutuliza mgeni ambaye kamba wake wamechelewa. Hakuna hata moja ya kazi hizo inayofanywa kwa rangi ya uso. Kisingizio cha kwamba mteja ndiye anayebagua, si sisi, ni cha zamani sana, na kingekubaliwa, sheria yote ingekuwa karatasi tupu. Mbona miezi saba ile wageni walikula? Kama kuna waliokutaja kwa jina kwenye kadi za maoni au kwenye kurasa za intaneti za wasafiri, hizo za intaneti ziko wazi kwa kila mtu. Zichapishe leo.

Hili la zamu za usiku ndilo limenichekesha. Ulipokuwa ukikaimu, nani alikesha Krismasi na mwaka mpya? Ratiba zipo, saini yako ipo. Na watoto walikuwepo. Hoja ya watoto ingekuwa na uzito kidogo kama hukuwa umeshaifanya kazi. Halafu jiulize kama kijana huyo aliulizwa ana watoto wangapi na nani atawalea. Kama hakuulizwa, basi swali halikuwa la watoto bali la jinsia. Mahakama zetu zimeshaonyesha kwamba huwa haziyachukulii mambo ya uzazi na kazi kama mzaha: mwaka 2013 mfanyakazi mmoja wa benki aliyetendewa vibaya kwa sababu ya ujauzito alipewa shilingi milioni 3 kwa ubaguzi huo peke yake.

Kuna mtego mmoja hapa. Usikubali rangi na jinsia vitenganishwe. Ukisema tu umebaguliwa kwa rangi, watakuletea meneja wa fedha, Mkenya, mwanamume. Ukisema tu umebaguliwa kwa kuwa mwanamke, watakuletea, tuseme, mama wa Kizungu anayesimamia ofisi ya mauzo. Wanatoka mahakamani safi kabisa, nawe umebaki katikati. Hilo lilitokea kweli Marekani mwaka 1976: wanawake weusi waliishtaki General Motors, kampuni ya magari ambayo kabla ya 1964 haikuwa ikiajiri wanawake weusi, kisha ilipopunguza watu ikawatoa walioingia mwisho, ambao ndio hao. Jaji alikataa kuunganisha mambo mawili. Wanawake waliajiriwa, akasema. Ila walikuwa weupe, na weusi walioajiriwa walikuwa wanaume. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua hukumu hiyo mwaka 1989, na tangu hapo dunia imeelewa kwamba mtu anaweza kubaguliwa kwa mchanganyiko wa vitu viwili, si kwa kimoja kimoja. Katiba yetu haina tatizo hilo, inasema misingi yoyote. Basi andika wazi: "kama mwanamke Mwafrika". Na swali la kulinganisha liwe hili: katika miaka tisa uliyokaa hapo, ni wanawake Waafrika wangapi wamewahi kuwa wakuu wa idara?

Tuje kwenye ushahidi, ambapo watu wengi hujiharibia wenyewe. Nunua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe bila kuyapamba, na nani alikuwepo. Kama yale maneno ya mkurugenzi hukuyaandika siku ile, yaandike sasa na useme umeyaandika sasa. Usijifanye uliandika zamani. Kisha kusanya vilivyo vyako: barua ya ajira, barua ya kukaimu, stakabadhi zako za mshahara, fomu za tathmini, barua pepe ulizoandikiwa wewe. Tazama kama ulilipwa posho ya kukaimu. Kama hukulipwa, hilo ni dai jingine linalosimama lenyewe, na mara nyingi ni rahisi zaidi kulipata.

Lakini usiguse kisicho chako. Usiingie kwenye kompyuta ya uhasibu kupiga picha orodha ya mishahara, wala usimshawishi binti wa ofisi ya rasilimali watu (HR) akutumie kwa WhatsApp. Watakufuta kazi kwa hilo, na watakuwa na sababu nzuri kuliko zote walizokuwa nazo mwanzo, tena yule binti ataondoka pamoja nawe. Shauri likifika mahakamani, hati hizo huombwa na mahakama huamuru zitolewe. Kurekodi watu kwa siri kwa simu pia sikushauri. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mabishano juu ya rekodi yanaweza kumeza kesi nzima. Sheria hiyohiyo inakufaa kwa njia nyingine: inakupa haki ya kuomba taarifa wanazoweka kukuhusu. Omba faili lako la wafanyakazi, kwa maandishi.

Kuna karatasi moja zaidi ambayo huenda hukuifikiria. Kijana huyo hawezi kufanya kazi hapa bila kibali, kwa kawaida kile cha daraja D. Mwajiri anapokiomba hueleza kwamba ujuzi huo haupatikani kwa urahisi nchini, na huambatanisha fomu ya Mkenya atakayejifunza kazi hiyo kwa mgeni ili baadaye aishike. Inawezekana kabisa, mwanangu, kwamba Mkenya aliyeandikwa pale ni wewe. Yaani karatasi inasema yeye anakufundisha. Siwezi kukuambia ndivyo ilivyo, ila ni swali halali kuuliza, na ni swali ambalo waajiri hawapendi kuulizwa.

Sasa barua. Wengi huandika barua ya uchungu: nimeonewa, nimenyanyaswa, Wazungu mnatudharau. Ina haki yake, lakini mwajiri anaijibu kwa mstari mmoja: tunakanusha. Wewe andika barua ya maswali, fupi, isiyo na neno la hasira hata moja. Kwa mfano:

"Kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani nilikaimu nafasi ya meneja wa vyakula na vinywaji kwa barua yenu ya tarehe fulani. Baadaye nafasi hiyo ilijazwa bila kutangazwa. Naomba nielezwe kwa maandishi vigezo vilivyotumika kumchagua aliyepewa, sababu ya mimi kutopewa fursa ya kuomba, na jinsi mshahara wa nafasi hiyo ulivyopangwa. Nilipouliza, Mkurugenzi aliniambia kwamba wageni hupenda kuona sura wanayoizoea, na siku nyingine kwamba watoto wangu wadogo wangenizuia zamu za usiku. Naomba kujua kama hizo ndizo sababu za uamuzi huo kwangu kama mwanamke Mwafrika."

Sentensi ya mwisho ndiyo ndoana. Wakisema ndiyo, wamekumalizia kesi. Wakisema hapana, itawabidi wataje sababu nyingine, na sababu hiyo itawafunga. Hawataweza kuibadilisha miezi sita baadaye mbele ya jaji. Wakinyamaza, umekuwa na barua isiyojibiwa. Ipeleke ofisi ya rasilimali watu, nakala kwa mkurugenzi, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama hawagongi, itume pia kwa barua pepe. Kama hoteli ina utaratibu wa malalamiko katika kitabu cha wafanyakazi, ufuate hatua kwa hatua hata kama unauona ni wa kupotezeana muda. Chama cha KUDHEIHA ndicho cha wafanyakazi wa hoteli, lakini kwa cheo chako huenda umeshatoka kwenye orodha ya wanaowakilishwa. Muulize mwakilishi wao hapo kazini kabla ya kudhani.

Kuhusu kupigwa kalamu, wenzako hawakosei kuogopa, ila wanakosea kudhani kunyamaza ndiyo kinga. Sheria inasema wazi kwamba kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yawe ya upuuzi yasiyo na msingi wowote. Tena kabla ya kukufuta kwa kosa lazima waeleze sababu kwa lugha unayoielewa na wakusikilize, nawe una haki ya kuwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama hapo ndani. Karatasi nzuri hizo. Katika hali halisi, kinachofanyika ni kwamba barua ya kukutaka ujieleze itakuja kwa jambo dogo: umechelewa dakika kumi, hesabu ya bia imepungua. Kwa hiyo kuanzia siku utakayopeleka barua, fika mapema, saini kila kitu, usimwache mtu akakuhesabia stoo. Au watakuja na hadithi ya kupunguza wafanyakazi, na msimu mbaya wa watalii haukosi kuwa kisingizio. Hata hapo sheria inataka notisi ya mwezi mmoja, afisa wa leba ajulishwe, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi.

Mambo mawili usiyafanye kabisa. Usijiuzulu kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimishwa kuondoka kwa kutendewa vibaya, lakini kulithibitisha hilo ni mlima, na nimeona madai mazuri yakizikwa kwa barua ya kujiuzulu ya mistari mitatu. Na usitie saini karatasi yoyote inayosema umelipwa haki zako zote na huna dai jingine, hata hundi iwe imeambatanishwa na ada za shule zimekukaba. Omba siku mbili uisome, uje nayo.

Wasipojibu, au wakijibu porojo, nenda leba. Afisa wa kazi anaweza kuwaita pande zote, na mara nyingine barua yake peke yake humfanya mkurugenzi akumbuke adabu. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa nayo hupokea malalamiko ya namna hii. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Mombasa, huna haja ya kwenda Nairobi. Muda ulionao ni miaka 3 tangu jambo lilipotokea, na kwa dhuluma inayoendelea ni miezi 12 tangu ilipokoma. Usiulalie.

Ukiniuliza kama inalipa kwenda huko mwisho, nitakujibu kwa uwazi: kesi huchukua miaka, na hoteli za Pwani ni kijiji, mameneja wanapigiana simu. Fidia ya kufutwa kazi isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Fidia ya ubaguzi iko peke yake na huamuliwa na jaji, inaweza kuwa kubwa au kukuvunja moyo. Ndiyo maana naithamini ile barua kuliko kesi. Waajiri wengi wakishaona mtu anajua kuuliza maswali sawasawa, huanza kutafuta namna: cheo kinaundwa, mshahara unasogea, nafasi katika hoteli ya pili ya kampuni inapatikana. Hilo si kushindwa, mradi uandikiwe.

Wakili si sasa. Andika barua kwanza, uwape siku 14. Siku hizo zikipita njoo na daftari, barua ya kukaimu, nakala yenye muhuri na chochote walichojibu. Na usije na shangazi wala jirani wa kukusemea. Nataka kuyasikia maneno ya mkurugenzi kutoka kwako, kama yalivyosemwa.